Kware Hurudishiwa Sikio, Mwindaji Harudishiwi

Anayekuja kulalamika mara nyingi si mwindaji mwenyewe, ni mke wake. Anasema baba watoto amekuwa mkali, akiitwa haitiki, redio anaifungulia mpaka jirani anapata habari bila kutoka kitandani. Mwindaji akiulizwa hujibu kwamba anasikia vizuri, ila watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kwa upande wake anasema kweli. Sauti zinamfikia, maneno ndiyo yanayopotea njiani. Ziba midomo yako kwa mkono asiione, kisha umtamkie "saba" na "shaba": kwake ni neno moja. "Soka" na "shoka" vilevile. "Paka", "taka" na "kaka" zimebaki irabu mbili zinazofuatana.

Irabu zina sauti nzito na nguvu nyingi. Herufi kama s, f, t na k ni sauti nyembamba za juu, nazo hazina nguvu. Mlio wa bunduki huanza kula sikio huko juu, hasa karibu na hezi 4,000, na sehemu ya sauti nzito huiacha nzima kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu lugha yetu yenyewe husaidia kuficha maradhi haya, kwa sababu karibu kila silabi ya Kiswahili imebeba irabu, na mtu mwenye akili nzuri anaweza kukisia mazungumzo nusu ya umri wake bila yeye kujua kwamba anakisia. Siku atakapogundua, sehemu kubwa imekwisha kwenda.

Ninaandika haya nikiwafikiria watu wa Piana-Mwanga na vijiji vya bonde la Luvua, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo. Kelele ni za namna mbili, na tofauti yake ndiyo mwanzo wa somo. Ya kwanza ni ya maji na mitambo. Kituo cha umeme kilijengwa Piana-Mwanga na kampuni ya Géomines enzi za Wabelgiji ili migodi ya bati ya Manono ipate umeme. Ndani ya jengo la mitambo ya namna hiyo mngurumo hufika desibeli 90 na zaidi, tena mfululizo. Ya pili ni ya bunduki msituni: gobore la kushindilia baruti, au bunduki ya kalibre 12. Hiyo hudumu muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha kunakuwa kimya, na kimya hicho humdanganya mtu kwamba hakuna kilichotokea.

Desibeli hazijumlishwi kama franga. Zikiongezeka 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Zikiongezeka 10, huwa mara kumi. Kelele ya mfululizo ya desibeli 85 mfanyakazi anaweza kuivumilia saa 8 kwa siku bila hatari kubwa. Ikifika 88 muda huo unashuka hadi saa 4, ikifika 91 ni saa 2, na kwenye desibeli 100 ni robo saa tu. Mlio wa ghafla una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka kwenye kilele cha desibeli 140 kwa mtu mzima, na 120 kwa mtoto. Bunduki ndogo kabisa, ile ya .22, tayari inagusa 140. Kalibre 12 hufika kati ya 150 na 165 kwenye sikio la anayeipiga, na bunduki za kivita ziko humo humo au juu yake. Kutoka 140 hadi 160 mgandamizo wa hewa unaogonga sikio umekuwa mkubwa mara kumi. Kwa hiyo hakuna bunduki ambayo mtoto anaweza kusimama karibu nayo akiwa na masikio wazi.

Mwili una ulinzi wake, lakini hapa unachelewa. Ndani ya sikio la kati kuna misuli midogo ambayo hujikaza kelele inapozidi, ikapunguza mtikisiko unaoingia ndani. Huhitaji karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kufanya kazi hiyo. Mlio wa bunduki hufika kileleni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mlinzi anafunga mlango mwizi akiwa amekwisha kuondoka na ng'ombe.

Kinachoibwa ni seli. Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojipinda kama nyumba ya konokono, unaoitwa koklea, na ndani yake zimepangwa seli kama 15,000 zenye vinyweleo juu yake. Wimbi la sauti likipita, vinyweleo huinama na kuinuka kama nyasi za bondeni, na kila kuinama ni ujumbe kwa ubongo. Wimbi la bunduki haliviinamishi, linavivunja. Seli iliyokufa kwa binadamu haizaliwi tena. Ndege wao wamejaliwa. Mwaka 1988 watafiti nchini Marekani walionyesha, kwa kuku na kware, kwamba ndege aliyeharibiwa seli hizo kwa kelele huota nyingine mpya katika wiki chache. Nikiwaza kwamba kware aliyeponea risasi atasikia tena na aliyempiga hatasikia, moyo wangu huwa mzito.

Basi ule mlio wa nzi au wa nyenje unaobaki masikioni baada ya kupiga, ukanyamaza kesho yake? Watu wengi huuhesabu kama uchovu: sikio limelala, limeamka. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, huko Boston, walichunguza panya waliopigiwa kelele kwa saa mbili. Kipimo cha kawaida kilionyesha kwamba usikivu wao umerudi. Walipotazama kwa hadubini waliona viungio vingi kati ya seli na mishipa ya fahamu vimekatika moja kwa moja. Ndiyo maana mimi siuiti mlio ule uchovu, nauita jeraha ambalo maumivu yake yametulia.

Katika uwindaji madhara hayaendi sawa kwa masikio yote mawili. Anayepiga kwa bega la kulia huinamisha shavu la kulia kwenye kitako, na sikio la kushoto likaelekea mdomo wa mtutu. Sikio la kulia linapata kivuli cha kichwa, la kushoto linapokea lote. Anayepiga kwa kushoto ni kinyume chake. Gobore lina ubaya wa ziada, kwa kuwa fataki au kibaruti cha kuwashia kiko karibu na shavu, na moto wa nyuma hutoka hapo hapo. Ila anayeumia zaidi kuliko wote anaweza kuwa mtu ambaye hakushika bunduki kabisa: kijana aliyesimama kando ya mtutu, mbele kidogo ya bega la mpigaji, amebeba mfuko na panga. Mlio una nguvu zaidi upande wa mbele na pembeni. Mahali pake ni nyuma ya mpigaji, na afadhali mbali. Kila umbali unapozidishwa mara mbili mlio hupungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo aliye hatua 16 anapokea desibeli 24 pungufu kuliko aliye hatua moja.

Hapa vijana huniuliza habari ya viwambo vya kuzuia sauti, vile wanavyoviona kwenye filamu, ambapo bunduki inapiga chafya tu. Hadithi yake ya kweli imepita Kongo. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitengeneza miaka ya 1880 bunduki ya rashasha ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliiita bombomu. Mwaka 1887 msafiri Stanley alipopanda mto Kongo kumtafuta gavana Emin Pasha alikuwa amebeba moja. Maxim aliijaribu bunduki yake kwa miaka mingi bila kitu masikioni, na akafa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti mwaka 1909, na aliifanyia kazi kanuni ile ile kwa ajili ya mabomba ya moshi ya magari. Kila mpanda pikipiki wa Kalemie anaijua kanuni hiyo kwa masikio yake: gesi ya moto ikitoka ghafla inapasuka, ikizungushwa kwanza kwenye vyumba vidogo inapoa na kutoka polepole.

Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Bunduki ya 165 inabaki 135 hivi, sawa na nyundo kwenye chuma pembeni ya kichwa. Tena kinashughulikia gesi ya mdomoni tu. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 343 hivi kwa sekunde, hupasua hewa njia nzima, na ile ya Kalashnikov hutoka kwa karibu mita 715. Mpasuko huo hakuna chuma cha mdomoni kinachouzuia. Finland na Norway wawindaji hununua viwambo kwa ajili ya masikio yao. Huku kwetu si kitu cha dukani, na ninamsihi yeyote anayefikiria kufunga kopo au bomba kwenye mtutu wa gobore asithubutu: mtutu wa kufua mtaani hupasuka kwa kitu kidogo zaidi ya hicho, na mkono haurudi.

Kwenye bunduki yenyewe kilichobaki ni kichache. Mtutu mrefu husogeza mlio mbali na uso. Baruti isizidishwe kwa tamaa ya kishindo. Usipige ukiwa chini ya paa la bati, ndani ya shimo au mbele ya mwamba, maana ukuta hukurudishia ulichokitoa. Kazi kubwa hufanyika sikioni.

"Dokta, nikiziba masikio nitamsikiaje mnyama?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote, na ni swali la haki. Mwindaji wa miombo humfuata paa na kanga kwa sikio kabla ya jicho. Ila bunduki ile ile ndiyo inayomnyang'anya kwanza sauti nyembamba za jani kavu na za kanga walio mbali, na kila msimu anawakaribia wanyama vibaya kuliko msimu uliopita. Jibu langu ni uzi. Vizibo viwili viunganishwe kwa uzi na kuning'inia shingoni. Unatembea masikio wazi. Mnyama akionekana, kabla ya kuinua bunduki, unaziba, na sikio la kushoto linakuwa la kwanza. Ni sekunde chache za mazoezi nyumbani. Viko pia vizibo vyenye tundu dogo sana ambavyo hupitisha mazungumzo na kubana mlio mkali, na vifunikio vya umeme vinavyofanya hivyo hivyo, lakini bei yake si ya kijijini.

Vizibo vya sifongo, vile wanavyopewa wafanyakazi wa migodi, ndivyo vya kutafuta. Kimoja huviringishwa kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili hupita juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, kizibo huingizwa chote na kushikiliwa kwa kidole hadi kivimbe. Kikiwekwa nusu kinatoa nusu ya faida au chini yake. Pakiti husema desibeli 30 hivi, na mara nyingi mtu hupata kama nusu kwa sababu ya kuweka vibaya. Pamba kavu haisaidii kitu cha maana. Pamba iliyokandwa na nta ni jambo jingine: Ufaransa vizibo vya namna hiyo vimeuzwa tangu miaka ya 1920, na bonde la Luvua halina shida ya nta ya nyuki. Iwe safi, ilainishwe mkononi, izibe mlango wa sikio bila kusukumwa ndani. Wa pembeni asiye na kitu abane kwa kidole kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu la sikio, alizibe kabisa. Hilo hushinda pamba kwa mbali.

Anayefanya kazi penye mitambo au kwenye mashine za kutoboa miamba Manono asihesabu Jumapili ya msituni kuwa pumziko. Sikio lake lina jumla moja tu ya kelele. Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: dawa. Kinini kwa kipimo kikubwa huleta mlio masikioni. Gentamisini, kanamisini na streptomisini huweza kuua seli zile zile za vinyweleo, na zikikutana na kelele madhara huzidiana. Mtu aliye kwenye sindano hizo akae mbali na bunduki na mashine, na amwambie muuguzi mapema kama masikio yameanza kulia.

Baada ya mlipuko wa karibu, sikio likitoa damu au maji, usitie mafuta, wala majani, wala maji ya chumvi. Liache kavu. Ngoma ya sikio iliyotoboka mara nyingi hujifunga yenyewe ndani ya wiki kadhaa, ilimradi uchafu usiingie. Usikivu ukipotea ghafla, au mlio usipotulia baada ya siku mbili, nenda kituo cha afya siku hiyo, usingoje soko la wiki ijayo, kwa sababu zipo dawa ambazo hufaa siku za mwanzo tu.

Na kama unataka kujua umefika wapi, huhitaji mashine. Mwambie mtu wa nyumbani akae nyuma yako, hatua mbili, mahali patulivu. Ubane sikio moja kwa kidole. Atamke kwa sauti ya chini, bila mpangilio: saba, shaba, soka, shoka, paka, taka, kaka. Wewe urudie ulichosikia, naye aandike. Kisha badilisha sikio. Anza na la kushoto.