Hamira, Kalsiamu na Sisi: Utangulizi

Tia hamira ya maandazi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Punde utaona povu: viumbe wa seli moja wameamka, wanakula. Ndani ya kila mmoja wao mna protini iliyo ndugu wa damu wa ile inayofanya kazi moyoni mwako. Karibu tuwatazame kwa karibu.

Protini yenyewe ni kalmodulini, na kazi yake ni kushika kalsiamu. Seli haiachi kuitoa kalsiamu nje. Kalsiamu iliyo nje ya seli zetu imezidi ya ndani kwa takriban mara 10,000. Kwa hiyo chembe chache zikipenya, ni kama hodi katika nyumba iliyo kimya, na mwenye kuitikia ni kalmodulini. Huinasa kalsiamu kwa vitanzi vyake, ikageuka umbo, ikaenda kuzikumbatia protini nyingine na kuziamsha. Yetu ina amino asidi 148 na vitanzi vinne. Ya hamira ina 147, na kitanzi chake cha nne hakishiki kitu. Katika kila amino asidi 10, kama 6 ni zilezile.

Mwaka 1986, nchini Marekani, Trisha Davis, Jeremy Thorner na wenzao walitangaza kuipata jeni ya kalmodulini katika hamira. Waliharibu nakala moja katika seli yenye nakala mbili. Seli ya namna hiyo huzaa spora nne, nazo hupangwa mstari mmoja kwenye kisahani kwa sindano nyembamba mno. Spora mbili hufanya vidoa vyeupe. Mbili zilizokosa jeni nzima hazifanyi kidoa. Mwaka 1989 Davis na Thorner wakaonyesha kwamba kalmodulini ya wanyama wenye uti wa mgongo, ambayo ndiyo hiihii yetu, inaziokoa spora hizo.

Wanafunzi wengi hufunga daftari hapa, wameridhika. Nakusihi usifunge. Mwaka 1991 John Geiser, Davis na wenzao waliviharibu vitanzi vya kalmodulini ya hamira visishike kalsiamu kabisa, na hamira ikaendelea kukua! Kumbe kazi yake ya kufa na kupona, hasa kujishikiza kwenye protini Spc110 pale zinapoanzia nyuzi za kugawa kromosomu, haidai kalsiamu. Kalsiamu inahitajika kwingine, kwa mfano katika kuiwasha kalsinyurini, kimeng'enya kinachoisaidia hamira kustahimili chumvi nyingi. Kwa hiyo ukisoma kwamba kazi ya protini fulani "imehifadhiwa", uliza kwanza: kazi ipi?

Sisi tuna jeni tatu zinazotengeneza kalmodulini ileile moja. Hata hivyo, mwaka 2012 ilielezwa kwamba amino asidi moja tu ikibadilika katika kalmodulini inayotokana na mojawapo ya jeni hizo, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi kuua. Hamira, kwa upande wake, iliharibiwa vitanzi vyote ikaishi.