Mfunze mwanao lugha ya kigeni kwa hadithi

JE, msomaji, umewahi kumsikiliza mwanao akikariri vitenzi vya Kifaransa usiku? Mpwa wangu, msichana wa miaka 13, huvikariri bila kukosea hata kimoja. Mamake, ambaye ni dada yangu, huuza nguo za mitumba Gikomba, na kila mwezi hutenga sehemu ya faida yake kulipia masomo hayo ya kila Jumamosi. Nia yake ni njema. Anataka bintiye awe na lugha itakayomfungulia mlango wa kazi siku za usoni.

Mapema mwaka huu msichana huyo alikataa kwenda tena.

"Mjomba, mimi sina kichwa cha lugha," aliniambia.

Nilimwomba anieleze kwa Kifaransa alivyoshinda siku hiyo, hata kwa sentensi moja. Alinyamaza, machozi yakimlengalenga.

Sikumlaumu, maana yaliwahi kunipata mimi pia. Nilisoma Kifaransa miaka minne katika shule ya sekondari na nikapita mtihani vizuri. Baadaye, nikiwa Mombasa karibu na Fort Jesus, mtalii mmoja aliniuliza njia kwa lugha hiyo. Ningeweza kumtajia kitenzi cha 'kwenda' katika nafsi zote sita. Njia yenyewe nilimwonyesha kwa kidole!

Kumbuka ulivyojifunza lugha yako ya kwanza. Hakuna nyanya aliyemketisha mjukuu wake na kumfunza sarufi kabla ya kumsimulia habari za Sungura na Fisi. Alisema "Paukwa!", nawe ukaitikia "Pakawa!", hadithi ikaanza. Maneno usiyoyajua uliyang'amua kwa sauti yake, kwa mikono yake na kwa jinsi kisa kilivyokwenda. Uliyasikia tena na tena hadi yakawa yako.

Jambo hilo ndilo alilolitilia mkazo Stephen Krashen, mtaalamu wa isimu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1982 na maandishi yaliyofuata. Kwa maoni yake, mtu huipata lugha anapouelewa ujumbe anaousikia au kuusoma, hasa ujumbe huo ukiwa umezidi kiwango chake kidogo tu. Mwanafunzi akijawa na hofu, hata anachokisikia hakimwingii.

Katika jimbo la California, mwalimu wa Kihispania aitwaye Blaine Ray alianza kujenga mbinu ya kufundisha kwa hadithi karibu mwaka wa 1990. Awali alitumia njia ya James Asher, ambapo wanafunzi hufuata amri kwa vitendo: simama, keti, gusa mlango. Darasa lilichangamka, lakini amri peke yake hazikuwafikisha mbali. Ndipo akaongeza hadithi.

Mbinu yenyewe si ngumu. Mwalimu huchagua maneno machache na kuyaandika ubaoni pamoja na maana yake katika lugha ambayo wanafunzi wanaijua. Tuseme anafunza Kifaransa. Anasema: "Le chat veut un poisson", yaani paka anataka samaki. Kisha anauliza, kwa Kifaransa hicho hicho: Je, paka anataka samaki? Anataka samaki au chapati? Nani anataka samaki? Wanafunzi hujibu kwa neno moja tu, tena wao wenyewe hupendekeza paka anaitwaje na anaishi wapi. Kufikia mwisho wa kisa, neno "veut" limesikika mara nyingi bila mtu kuchoka. Halafu darasa husoma hadithi iliyoandikwa kwa maneno yale yale.

Je, kuna ushahidi kwamba hadithi husaidia? Tazama Fiji, katika bahari ya Pasifiki. Mwaka wa 1980 na 1981, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi katika shule za msingi za mashambani, ambako Kiingereza ni lugha ya pili. Madarasa mengine yaliendelea na mazoezi ya kawaida ya kurudiarudia sentensi. Katika kusoma na kusikiliza, watoto wa hadithi walisonga mbele kwa kasi karibu maradufu. Mwaka wa pili faida hiyo ilienea hadi stadi nyingine za lugha.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kuelewa pekee kunatosha. Nchini Canada, mtaalamu Merrill Swain alieleza mwaka wa 1985 kwamba watoto wa Kiingereza waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi walielewa vizuri sana, lakini waliendelea kufanya makosa walipozungumza na kuandika. Kwa hiyo mtoto ahitaji pia kusema na kuandika, na sarufi ina nafasi yake. Ila sarufi humwelea zaidi mtu ambaye tayari ana lugha kichwani.

Mzazi, huna haja ya kujua Kifaransa wala Kijerumani ili umsaidie mwanao. Muulize mwalimu wake kama watoto husikia na kusoma hadithi darasani. Mtafutie vitabu vyepesi vyenye picha. Kama anakwama kila mstari, kitabu hicho ni kigumu mno, mrudishe nyuma. Akimaliza ukurasa, mwambie akueleze kisa kwa Kiswahili, utajua kama ameelewa. Na anapothubutu kusema, usimkatize kwa kila kosa.

Nawe mwanafunzi, soma kidogo kila siku badala ya kungoja juma la mtihani. Haba na haba hujaza kibaba.

Mpwa wangu amerudi kwenye masomo yake. Nilimpatia kitabu chembamba cha paka mmoja mlafi, na juzi nilimkuta akimsimulia ndugu yake mdogo kisa hicho kwa Kifaransa, huku akiigiza kwa mikono. Alikosea mahali pawili au patatu, hakuna aliyemcheka. Dada yangu, ambaye hajui Kifaransa hata neno, aliuliza kutoka jikoni:

"Haya, huyo paka alipata samaki wake?"

Mwanao atakuletea hadithi gani leo jioni? Mwulize.