Biashara ya Chakula Nyumbani: Sheria Yataka Nini?

Nilipofika nyumbani Gorong'a katika likizo ya mwezi wa Juni, nilishangaa kuona karai la mama limetundikwa ukutani, kavu, nalo limeanza kushika kutu pembeni. Mama yangu hukaanga maandazi alfajiri, na watoto wa shule na wapita njia huyanunua mlangoni petu. Sasa ilikuwa wiki ya tatu hajawasha moto.

Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwamba alikuja mtu mmoja mwenye mkoba, asiyesema ametoka ofisi gani. Mtu huyo alimwambia kwamba ye yote apikaye chakula cha kuuza nyumbani bila kibali hupelekwa mahakamani, lakini akitoa Shs. 30,000/- mambo yatakwisha. Mama alitoa 10,000/- alizokuwa nazo, akaahidi nyingine, wala hakupewa stakabadhi. Tangu siku ile aliogopa hata moshi wa jiko lake mwenyewe. "Mura," aliniambia, "wewe ndiwe unayesoma. Hebu niambie, ni kweli nimevunja sheria?"

Sikuweza kumjibu. Nimesoma Uraia tangu kidato cha kwanza, na ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia mihimili mitatu ya dola, lakini juu ya karai la mama sikuwa na neno. Basi nikaenda kuuliza kwa Mtendaji wa Kata, kisha tukafika pamoja na mama makao makuu ya halmashauri yetu kule Nyamwaga, na niliporudi shuleni mwalimu wetu wa Uraia alinisaidia kuzisoma sheria zenyewe. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa kuwa najua kwamba si mimi peke yangu niliyenunuliwa madaftari kwa maandazi, karanga au unga.

Kwanza, kupika chakula nyumbani na kukiuza si kosa. Lakini Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 yasema mtu asifanye biashara bila leseni, na biashara ni biashara, iwe dukani au mlangoni pa nyumba. Kwa hiyo, kusema kweli, mama alikuwa na kosa dogo, na yule mtu mwenye mkoba alikuwa na kosa kubwa. Leseni ya biashara ndogo hutolewa na halmashauri, kwa afisa biashara, na siku hizi maombi hupitia mfumo wa kompyuta uitwao TAUSI. Mwombaji hupewa namba ya malipo, akalipa benki au kwa simu, na malipo yake yakaandikwa. Hakuna fedha ya Serikali inayotiwa mfukoni mwa mtu barabarani. Kama mama angalilijua jambo hili moja tu, zile 10,000/- zingalibaki kwenye kitambaa chake.

Tena yako mambo ya wale walio wadogo sana. Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni nne kwa mwaka, kila kimoja kwa Shs. 20,000/-, ili wasisumbuliwe kila mahali. Baadaye utaratibu huo ulibadilishwa, vikaja vitambulisho vya kidijitali. Kwa hiyo mama lishe mdogo aulize kwanza habari za kitambulisho, kisha aulize habari za leseni. Kama atauza kwa jina lake kamili mwenyewe, hana haja ya kuandikisha jina la biashara. Akitaka kuandika ubaoni jina lingine la kupendeza, hilo ndilo la kuandikishwa BRELA.

Sasa nije kwenye kodi, maana hapo ndipo watu wengi huogopa bure. Namba ya mlipa kodi, yaani TIN, hutolewa na Mamlaka ya Mapato bila malipo. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Shs. 4,000,000/- halipi kodi ya mapato hata senti moja. Mama alifurahi sana kusikia hivyo, akasema, "Milioni nne? Mimi nitazipata wapi!" Lakini sheria yahesabu mauzo, haihesabu faida. Nikachukua kalamu. Yeye huuza maandazi 140 kwa siku, kila moja Shs. 100/-, ndiyo 14,000/-. Kwa siku sita za juma na majuma 52, jumla ni Shs. 4,368,000/-. Mama alinitazama kama niliyemletea habari za mtu mwingine, kwa sababu unga, mafuta, sukari na kuni humaliza sehemu kubwa ya fedha hizo kabla hajazihesabu.

Hapo pana jambo ambalo ningependa kila mzazi asomaye gazeti hili alijue. Kwa viwango hivyo hivyo, aliyeuza zaidi ya milioni nne lakini asizidi milioni saba, asipokuwa na kumbukumbu za mauzo, hulipa Shs. 100,000/-. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne. Kwa mama kilichozidi ni 368,000/-, na asilimia 3 yake ni Shs. 11,040/-. Tofauti ya 88,960/- yatokana na daftari na kalamu! Siku ile ile nilimpa daftari langu moja la hesabu ambalo lilikuwa bado jeupe.

Baada ya hayo alikuja Afisa Afya, ambaye wazee wetu bado humwita Bwana Afya. Nilidhani atakuja kwa ukali, kumbe alikaa kwenye kigoda akanywa maji. Kisha aliinuka akaanza kutazama. Mbuzi walikuwa wamefungwa hatua nne kutoka jikoni: wahamishwe. Ndoo ya maji ilikuwa haina mfuniko: ipatiwe. Mfuko wa unga ulikuwa sakafuni: uinuliwe juu ya mbao, panya wasiufikie. Choo kilikuwa kizuri, lakini mahali pa kunawia hapakuwapo, na mdogo wangu akatengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita tano na kamba, kazi ya nusu saa. Mamlaka ya kukagua hayo yote, pamoja na kufunga mahali palipo hatari, yamo katika Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009.

Pia alimtaka mama akapimwe afya, na kupimwa huko ni kila baada ya miezi sita kwa mtu ye yote ashikaye chakula cha watu. Mama alinung'unika kwamba yeye si mgonjwa. Jibu lake lipo katika habari za mpishi mmoja wa New York, Mary Mallon, ambaye mwaka 1907 aligunduliwa kuwa na vijidudu vya homa ya matumbo mwilini, naye mwenyewe ni mzima wa afya. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, na mwaka 1915 akakutwa anapika katika hospitali kwa jina la uongo, wagonjwa wakiwa wameongezeka. Alitengwa mpaka alipokufa mwaka 1938. Mama alisikiliza, kisha akauliza kama alikuwa na watoto. Aliamka asubuhi akaenda kupimwa.

Hayo ndiyo mambo ya maandazi. Yafaa kufahamu kwamba sheria yaweka tofauti kubwa baina ya chakula kinacholiwa leo hapo hapo na chakula kinachofungwa kikaenda mbali. Andazi likiwa baya, mlaji anajua mlango alionunua. Lakini unga uliofungwa katika mfuko ukauzwa Mugumu au Sirari, mlaji wake hamjui aliyeutengeneza wala hakuona ulivyotengenezwa. Kwa hiyo chakula cha namna hiyo huangaliwa na Shirika la Viwango, yaani TBS. Mpaka katikati ya mwaka 2019 kazi hiyo ilikuwa ya TFDA. Tangu Julai mwaka huo shughuli za chakula zilihamishiwa TBS. Mfuko wataka kuandikwa jina la bidhaa, uzito halisi, kilichomo, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe za kutengenezwa na kwisha muda. Mizani ya kupimia nayo sharti ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Haya ni mengi kwa mtu mmoja, lakini SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Musoma, na mjasiriamali mdogo aliyepitia huko huweza kupata alama ya ubora ya TBS bila kulipia gharama zake mwanzoni.

Shangazi yangu, ambaye husaga udaga na kuuza unga wa muhogo, aliposikia haya alisema kwamba hizo ni fujo za wenye ofisi, kwani bibi zetu waliuza unga bila karatasi. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini hapa nitasema. Mwaka 1985, wakati wa ukame, makumi ya watu katika Wilaya ya Tarime, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Rorya ya leo, walipooza miguu kwa ghafula, wengi wao watoto na wanawake. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na mtu akiupata miguu hukakamaa wala haiponi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, nayo hutoka mtu akiuvundika au kuuloweka na kuuanika kwa siku za kutosha. Njaa ya mwaka ule iliwafanya watu wafupishe siku, tena hawakuwa na kitoweo. Unga wa siku mbili na unga wa siku nyingi hufanana kwa macho. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa chasema kilo moja ya unga wa muhogo isizidi miligramu 10 za sumu hiyo, na hupimwa kwa vyombo. Mwaka 2016 nako Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi yao. Shangazi mwenyewe huuvundika muhogo wake barabara, nami naula ugali wake bila hofu. Yule anunuaye Sirari hamjui shangazi.

Mambo mengine niyataje upesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile iitwayo rambo, imekatazwa tangu tarehe 1 Juni, 2019, hivyo maandazi yafungwe kwa karatasi safi. Pombe ina sheria na leseni yake peke yake, na gongo halina leseni yo yote. Hayo hayafai kwa gazeti la shule.

Siku ya wazazi mama alikuja shuleni amebeba maandazi katika ndoo yenye mfuniko. Cheti cha kupimwa amekipata na TIN anayo. Leseni ilikuwa bado haijatoka. Yule mtu mwenye mkoba hajarudi kudai zile 20,000/- zilizobaki. Nililifungua daftari la mauzo nikakuta siku zote zimeandikwa isipokuwa siku tatu, kwa sababu mdogo wangu aliichukua kalamu. Nimempa mama nyingine mbili.