Nyumbani Anahesabu, Darasani Kimya

Chukua mfano wa mtoto mwenye usonji katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara. Mama yake anaapa kwamba anahesabu ndizi za chane nzima bila kukosea. Mwalimu wa darasa la kwanza naye anasema hajamsikia akifika hata tatu. Mama anamwona mwalimu hana subira. Mwalimu anadhani mama anampamba mwanawe. Kumbe wote wawili wanasema kweli.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 ambao ndio waliofungua elimu ya usonji. Mmoja wao, Donald, alifundishwa na baba yake kusema "ndiyo" kwa ahadi ya kubebwa mabegani. Akalishika neno, ila kwa maana moja tu: nibebe. Ilipita miezi mingi kabla hajalitumia kwa jambo jingine.

Mwaka 1975 watafiti Arnold Rincover na Robert Koegel waliwafundisha watoto 10 wenye usonji kutii maagizo mepesi wakiwa chumbani, kisha mtu mwingine akawapa maagizo yaleyale nje. Wanne hawakujibu kabisa. Watafiti wakaanza kurudisha mambo ya chumbani, moja baada ya jingine. Kuna mtoto aliyejibu pale tu meza na viti vilipotolewa nje! Mwingine alikuwa akisubiri mkono wa mwalimu uinuke. Akili zao zilikuwa zimekamata alama ya pembeni badala ya agizo lenyewe.

Huko Ngara alama hizo hubadilika karibu zote mtoto anapovuka uwanja wa shule. Nyumbani ni Kihangaza, darasani Kiswahili. Nyumbani anashika ndizi mkononi, darasani anatazama tarakimu za chaki ubaoni. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi huzidi hapo. Kwa mtoto ambaye kelele humchoma masikio, nguvu zote huishia kuvumilia.

Kinyume chake pia hutokea. Wapo wanaopanga foleni ya uji na kutundika begi lao shuleni kwa sababu kengele imeipanga siku, lakini nyumbani husubiri kufanyiwa kila kitu. Wengine hujizuia mchana kutwa, wakifika kwao wanalipuka kwa kilio, na mwalimu akiambiwa haamini.

Je, Kihangaza kiachwe ili mtoto asichanganyikiwe? Utafiti uliofanyika nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2012, uliohusisha watoto 75 wenye usonji, haukuona kwamba waliolelewa katika lugha mbili walichelewa kuongea kuliko wenzao wa lugha moja.

Linalosaidia ni kulivusha somo kwa makusudi. Vizibo vya soda vinavyotumika kuhesabia darasani vinaweza kwenda na mtoto nyumbani, avihesabu jikoni na mama, uani na kaka, kisha zije ndizi na maharage. Daftari dogo la kupokezana humwonyesha mwalimu kilichowezekana jana jioni, na maneno gani yalitumika. Mwaka 1973 Ivar Lovaas na wenzake waliripoti kwamba, baada ya tiba, watoto waliorudi kwa wazazi waliofunzwa mbinu za tiba waliendelea kupiga hatua, ilhali waliopelekwa kuishi katika taasisi walipoteza mengi waliyokuwa wamejifunza.