Mukanda wa Kusomwa kwa Sikio

Hapa Kapata, mtaa wa wachimba shaba wa Kolwezi, mzee akifariki huacha sanduku. Ndani mna kitabu cha kazi, picha mbili tatu, na mikanda, kama tunavyoziita barua na maandishi yote ya mkono. Siku ya kuhama nyumba watoto huuliza: tuzichome au tuziweke? Mimi nawasimulia habari za André Yav.

Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, maboyi kwa lugha ya zamani hizo, walitaka habari za Elisabethville ziandikwe na wao wenyewe. Mji huo uliitwa Lubumbashi mwaka uliofuata. Yav akaandika kwa niaba yao, kwa Kiswahili cha mjini, na maandishi yakapigwa taipu. Kichwa aliweka kwa Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini si kamusi. Ni masimulizi: mji ulivyoanza, mfalme Leopold wa Pili, majina ambayo Waafrika waliwapa mabwana zao, na hofu ya batumbula, wateka watu wa usiku ambao ndugu zetu wa pwani wangewaita mumiani. Kwa miaka mingi historia ya Katanga iliandikwa na walioketi mezani. Hii iliandikwa na waliosimama nyuma ya kiti wakishika sahani, na kwangu hilo peke yake linatosha kuifanya hazina.

Shida ni kuisoma. Maneno mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati, nukta ziko mahali usipozitazamia. Mwalimu wa shule angechukua kalamu nyekundu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya utafiti huku kwetu juu ya Jamaa, kundi la Wakatoliki lililozaliwa na mafundisho ya Padri Placide Tempels, hakusahihisha. Badala yake Kalundi Mango, aliyekulia katika lugha hii, aliyasoma maandishi kwa sauti huku kinasa sauti kikizunguka. Sauti ilipopita juu ya karatasi, sentensi zikajitokeza: pa kupumua, pa kukazia, pa kugeuza habari. Usomaji huo ndio ulioandikwa upya na kutafsiriwa kwa Kiingereza, na kitabu kikatoka mwaka 1990, pamoja na maelezo ya lugha ya Walter Schicho.

Sababu ya maandishi kuwa hivyo ni hii. Kiswahili cha Katanga kilikulia kambini na sokoni, kati ya Waluba, Wabemba, Walunda na wengine. Shuleni watoto walifundishwa Kiswahili kingine, kilichoitwa bora. Mtu akishika kalamu kuandika lugha ya nyumbani kwake hakuwa na tahajia ya kufuata, akaandika alichosikia. Tuseme barua ina neno “njovile”. Msahihishaji ataweka “ndivyo”, na ukurasa utapendeza. Lakini “njo vile” ndiyo sauti ya baba yako, na kipande kile kilichoungana ndicho kinachoonyesha alivyoitamka, kwa pumzi moja. Ukikisafisha umemnyamazisha.

Basi sanduku likifunguliwa, usianze kwa kupanga. Acha karatasi zifuatane kama alivyoziweka, kwa sababu barua iliyo chini ya risiti ya mshahara huenda iliandikwa mwezi ule ule. Bahasha usitupe: muhuri wa posta una tarehe na mji ambavyo mwandishi alisahau. Ondoa pini za chuma, maana kutu inakula karatasi. Usibandike plastiki ya moto, haibanduki tena. Weka mahali pakavu, mbali na bati linalovuja.

Kisha mtafute mtu aliyemjua mwandishi, mama mjane au rafiki wa kazini, umwombe asome kwa sauti, simu ikirekodi. Akikwama, mngoje. Mara nyingi atarudi nyuma mstari mmoja, auanze tena polepole, kisha aseme, “Ah, hapa alikuwa anamwita mudogo wake.”