Chokaa Ndiyo Iliyoushika Msikiti wa Kongo

Pale Mto Mwachema unapoingia baharini, mpakani mwa Tiwi na Diani katika pwani ya Kenya, umesimama Msikiti wa Kongo katikati ya mibuyu. Unakadiriwa kujengwa karne ya 14 au ya 15, na mpaka leo waumini wanaswali ndani yake. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na upepo wa chumvi unazipiga mwaka mzima. Ukikwaruza chokaa kuukuu kwa msumari inatoka unga, na wengi wetu huona huo ni ugonjwa ambao dawa yake ni saruji. Nashikilia kwamba ulaini huo ndio ulioilinda nyumba hii, na anayeikarabati kwa saruji anaibomoa kwa nia njema.

Tumbawe limejaa vitundu, hunyonya mvua na unyevu wa ardhini, na maji hayo hubeba chumvi. Chokaa huyaachia maji yatoke. Chumvi huganda kwenye plasta, plasta ikamomonyoka, fundi akapiga nyingine, na jiwe likabaki zima. Saruji huziba njia hiyo. Chumvi huganda nyuma yake, ndani kabisa ya jiwe, na punje zake zikikua hulipasua; ukuta unapendeza nje huku ndani unageuka mchanga. Tena saruji ikishika haiachi kwa urahisi, ukiibandua kwa nguvu inatoka na jiwe. Mafundi wa vioo vya rangi wa makanisa ya kale ya Ulaya wanaifahamu vizuri kanuni ya kushika kwa kitu laini. Vipande vya vioo hufungwa kwa vijiti vya madini ya risasi, laini kwa makusudi, ili dirisha likisukumwa na upepo risasi ijipinde na kioo kisivunjike. Risasi ikichoka hubadilishwa, kioo kilekile kikarudi mahali pake. Kinachoshika kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko kinachoshikwa.

Wapo wanaosema chokaa ni ghali, ni ya polepole, na inakula mikoko. Hoja ya mikoko ni nzito, kwani tanuri za pwani zilichomwa kwa kuni hizo. Lakini saruji nayo huokwa, tena kwa joto la karibu nyuzi 1,450, wakati chokaa hutosheka na kama 900. Na chokaa ya mifuko ipo madukani. Kuhusu polepole ni kweli, na sioni njia ya mkato. Wengine husema msikiti si makumbusho, waumini wanastahili jengo imara. Naam, na ndiyo sababu ya kutetea chokaa. Zahanati ya Kale ya Zanzibar, iliyoanzwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, yenye roshani za nakshi na vioo vya rangi, ilikarabatiwa miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ikarudi kutumika. Uzee wake haukuizuia kazi. Vivyo hivyo msikitini: choo au birika jipya kando ya ua lijengwe kwa saruji bila wasiwasi. Ukuta wa kale usiguswe nayo. Na pale ilipokwisha kupakwa, isivunjwe kwa nyundo kubwa: ianzwe kwa patasi ndogo mahali inapoachia yenyewe, kipande kwa kipande, na chokaa ijazwe mapema, ipate kukauka kabla ya masika.