Korongo Taji: Ndege wa Vinamasi Vyetu Aliye Hatarini

Wakazi wengi wa Nyamira na Kisii humwona korongo taji kwenye kinamasi na kudhani ni jamaa wa yangeyange. Sivyo. Yangeyange ni wa familia ya Ardeidae na hukunja shingo anaporuka. Korongo taji (Balearica regulorum) ni wa familia ya Gruidae na huruka akiwa amenyoosha shingo. Kichwani ana taji la manyoya ya rangi ya dhahabu.

Ndege huyu hupatikana kuanzia Kenya na Uganda hadi Afrika Kusini, na nchini Uganda ndiye ndege wa taifa. Tangu mwaka wa 2012, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kuangamia.

Sababu kuu ni kupotea kwa vinamasi. Korongo taji hujenga kiota katikati ya matete, penye maji ya kina kifupi. Kinamasi kama cha Sironga kikikaushwa ili kulimwa au kupandwa mikaratusi, kiota hubaki wazi kwa mbwa na watu. Makinda nayo hukamatwa na kuuzwa.

Wananchi wanahimizwa kuacha matete kandokando ya maji na kutogusa mayai wala makinda. Kumfuga ndege huyu bila kibali ni hatia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013. Ukiona makinda yakiuzwa, piga ripoti kwa ofisi ya KWS au kwa chifu wa eneo lako.